UZI: Mwindaji kaingia shambani na leseni mkononi. Nani anamruhusu nani? (Arusha na Kilimanjaro)

Shamba la Bondeni

Wakuu, habari za majukumu.

Kila kiangazi swali hili linarudi kwenye magrupu ya wakulima na wafugaji, kuanzia Mbuguni na Kahe hadi Makuyuni na Siha. Gari linaingia shambani, wanashuka watu wawili watatu na bunduki, wakiulizwa wanatoa karatasi: "Tuna leseni ya Serikali, mnyama si mali yako." Mwenye shamba anakosa la kusema. Mwingine anaita vijana na mapanga, na jambo la karatasi linageuka kuwa la damu. Tuliweke sawa hapa, wenye ujuzi waongezee na kukosoa.

Tuanze na mnyama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 (Sura 283), kifungu cha 4, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Swala aliyelala kwenye mahindi yako si wako. Kanga wanaofukua mbegu zako si wako. Hapo mwindaji kasema kweli.

Sasa ardhi. Nayo ni ya umma, mdhamini ni huyo huyo, ila wewe una haki ya kuikalia na kuitumia, iwe kwa hati miliki ya kupewa chini ya Sura 113 au haki miliki ya kimila chini ya Sura 114. Ndani ya haki hiyo kuna uwezo wa kumwambia mtu "hapa usipite."

Leseni ya kuwinda inahusu mnyama wa aina fulani, idadi fulani, eneo fulani, muda fulani. Haisemi kitu kuhusu geti lako. Kwa hiyo mwenye leseni hawezi kujipa ruhusa ya kuingia kwako, na wewe mwenye shamba huwezi kumpa mtu ruhusa ya kuwinda. Ruhusa yako ni ya kukanyaga ardhi tu. Wengi wanajikwaa kwenye hili la pili. Rafiki kutoka mjini anaomba "kanga wawili tu wa wikendi", mwenye shamba anasema poa, jamaa hana leseni. Hapo mwenye shamba ameshirikiana na mwenzake kwenye kosa, na hati yake ya ardhi haimkingi kwa lolote. Ndege nao ni wanyamapori. Kanga, kwale, bata wa bwawani, wote wanahitaji leseni.

---

Mama Kanga

Asante mkuu kwa kuanzisha. Swali langu ni la dakika kumi za kwanza. Watu wako getini, bunduki ziko garini, mlinzi ni kijana wa miaka 20 na simu yake ina chaji asilimia nane. Aulize nini, kwa mpangilio upi?

---

Mzee wa Doria

Dada, mlinzi afundishwe haya kabla ya kiangazi, si siku hiyo.

Kwanza asifungue geti wala asisimame mbele ya gari. Asimame pembeni, upande wa dereva, mikono ionekane. Aseme kwa sauti ya kawaida: "Shikamooni wazee, hili ni shamba la mtu, naomba karatasi zenu kabla ya kuingia." Maneno hayo yana kazi mbili: ni adabu, na ni taarifa kwamba eneo lina mwenyewe. Baadaye hakuna atakayedai alidhani ni pori.

Karatasi za kuomba ni nne:

1. Leseni ya kuwinda. Jina lililomo lifanane na kitambulisho. Asome aina ya mnyama, idadi, eneo na tarehe ya mwisho. Leseni ya eneo jingine haitumiki kwenu hata ikiwa hai. Wanyama waliokwisha kupigwa huandikwa humo humo, basi aangalie kama idadi haijaisha.

2. Kitambulisho cha NIDA, au pasipoti kama ni mgeni.

3. Leseni ya silaha. Hii ni kitu tofauti kabisa, inatoka polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Namba iliyomo ilingane na namba iliyochongwa kwenye bunduki. Mlinzi asiishike bunduki, mwenyewe amsomee.

4. Ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Kama haipo, mazungumzo yameishia hapo, hata zile tatu zikiwa safi kama theluji ya Kibo.

Mtalii wa uwindaji hatembei peke yake. Lazima awe na mwindaji bingwa wa kampuni na askari wa wanyamapori, na awe ndani ya kitalu (eneo la kuwinda lililogawiwa kampuni), ndani ya msimu wa 1 Julai hadi 31 Machi. Mzungu na dereva peke yao kwenye shamba la vitunguu la Mbuguni si uwindaji wa kitalii.

Kila karatasi ipigwe picha, pamoja na namba ya gari mbele na nyuma. Wakikataa kupigwa picha, aandike kwenye daftari saa, namba, rangi ya gari na idadi ya watu. Daftari la getini lenye kurasa zenye namba lina uzito kuliko kumbukumbu ya mtu. Na hiyo asilimia nane: pawa benki ya getini ni sehemu ya vifaa vya kazi, kama tochi.

Halafu simu, kwa utaratibu huu: mwenye shamba, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, DGO (afisa wanyamapori wa wilaya), kituo cha polisi. Namba zibandikwe ukutani, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayekumbuka.

---

Kiangazi

Mzee wa Doria, ongeza moja. Akija askari wa wanyamapori mwenye kitambulisho, anamfuatilia jangili au anapekua, huyo hahitaji ridhaa yako. Sheria inampa uwezo wa kuingia. Unachoweza kudai ni kuona kitambulisho chake, kuwepo shahidi huru (mwenyekiti wa kitongoji ndiye wa kawaida), na kuandikwa hati ya ukamataji kama anachukua kitu. Soma kabla ya kusaini. Kama kuna kosa kwenye maelezo, liseme pale pale, lirekebishwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

---

Mtoto wa Siha

Wakuu mmesema vizuri lakini mmeruka shimo kubwa. Ukanda wetu una mapori tengefu (maeneo ambayo Serikali inadhibiti uwindaji): Longido, Lolkisale, Mto wa Mbu na mengine. Mengi yalichorwa zamani juu ya ardhi ambayo ina vijiji. Ndani ya mapori hayo kuna vitalu vya uwindaji. Kwa hiyo mtu ana hati ya kimila, ana boma, ana mbuzi, na juu yake kuna kampuni yenye kitalu halali. "Mwambie asipite" haifanyi kazi kirahisi hapo.

---

Wakili wa Kijiweni

Mtoto wa Siha kagusa penyewe. Hapa ndipo migogoro mikubwa ilipo, si kwenye kanga wawili.

Sheria ya 2009 ililiona tatizo. Kifungu cha 16 kilimtaka Waziri apitie orodha ya mapori tengefu ndani ya miezi 12 tangu sheria ianze, na kuhakikisha ardhi ya kijiji haimo ndani yake. Wakati huo huo sheria hiyo ilikaza masharti ndani ya pori tengefu, kilimo kikiwamo. Yaani ukikutwa upande mmoja wa mstari wewe ni mwenye ardhi, upande wa pili wewe ni mvamizi. Kila kitu kinategemea mstari uko wapi leo, si ulikuwa wapi babu alipokuwa kijana.

Kwa mwenye shamba hatua ni hizi. Usianze ugomvi na kampuni kabla hujajua umesimama wapi. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na hati yako au cheti cha kimila, omba ipachikwe kwenye ramani ya kijiji, kisha nenda kwa DGO na nakala hiyo umwombe, kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa, athibitishe kama eneo limo ndani ya kitalu, pori tengefu au jumuiya ya wanyamapori. Nakala yako iliyogongwa "imepokelewa" iweke ndani ya nailoni. Ndiyo itakayosema badala yako mwaka wa tatu, ofisi ikiwa na watu wapya.

Eneo likiwa ndani ya jumuiya ya wanyamapori, kama Enduimet kule Longido au Randilen kule Monduli, anayetoa ruhusa ni jumuiya iliyoidhinishwa pamoja na mamlaka ya wanyamapori, si mwenye boma mmoja mmoja. Malalamiko yako yanapitia serikali ya kijiji chako, kwa sababu kijiji ndicho mwanachama. Peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji iingie kwenye muhtasari. Kulalamika kwa meneja wa kambi ya uwindaji hakuachi alama yoyote.

Kuna pia ile barua ya mtendaji yenye mhuri: "Ofisi imemruhusu fulani kuwinda ndani ya kijiji." Sheria ya Ardhi ya Vijiji inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya jumuiya, inayokaliwa na mtu au familia, na ya akiba. Barua ya halmashauri ya kijiji inaweza kuzungumzia kuingia kwenye ardhi ya jumuiya. Haiwezi kukufungulia geti la mtu. Na kuwinda kwenyewe kijiji hakina uwezo wa kukuruhusu bila leseni. Ukionyeshwa barua hiyo, omba muhtasari wa kikao kilichoipitisha. Mara nyingi kikao hakikuwepo.

---

Bikoni Namba Nne

Mkizungumzia mstari uko wapi, naomba niingie, maana kuna kosa la kipimo linaleta ugomvi usio na sababu.

Ramani nyingi za zamani za upimaji huku zimeandikwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, UTM kanda ya 37 Kusini. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za bikoni (alama ya mpaka) kutoka ramani ya zamani ukazichapa kwenye programu ya simu bila kubadili mfumo, mpaka mzima unahama karibu mita 300 upande wa kaskazini-kusini, na chini ya mita 100 mashariki-magharibi. Mita 300 ni shamba zima la mtu. Mwindaji anasema "niko nje", mwenye shamba anasema "uko ndani", na wote wawili wanaonyesha simu.

Jinsi ya kugundua: simama juu ya bikoni moja unayoijua kwa uhakika, ile ya zege yenye chuma katikati. Weka simu isome UTM, subiri dakika mbili tatu ikiwa chini ya anga wazi. Linganisha na namba za ramani. Tofauti ya mita 5 au 10 ni simu yenyewe, hasa kama kuna miti. Tofauti ya karibu 300 kwenye namba ya kaskazini ni mfumo. Badilisha mfumo kwenye programu uwe Arc 1960, rudia. Upimaji mpya unatumia TAREF11, ambao kwa kazi ya simu hautofautiani na WGS84, kwa hiyo usibadilishe kitu bila kusoma maandishi ya pembeni ya ramani.

Na bikoni zenyewe ziwe zinaonekana. Fyeka duara la mita mbili kuzunguka kila moja kabla ya Juni, paka chokaa. Katikati ya bikoni mbili zilizo mbali panda minyaa au weka mawe yaliyopakwa chokaa kila mita 50. Kibao "Hairuhusiwi kuingia bila ruhusa, wala kuwinda" kiwe kila njia inapoingilia, kimo cha macho ya mtu aliye garini. Piga picha vibao vikiwa vimesimama, maana vinang'olewa.

---

Mama Kanga

Bikoni Namba Nne, hii ya mita 300 peke yake imetosha kuufanya uzi uwe wa maana. Kongole.

Sasa swali la upande wa pili. Mtu ana leseni safi, nguruwe pori wanamaliza mihogo, mwenye shamba anataka aje. Ridhaa iandikweje?

---

Mzee wa Doria

Karatasi moja tu inatosha, lakini isiwe "namruhusu fulani kuwinda". Andika "namruhusu fulani KUINGIA katika shamba langu kwa ajili ya kutumia leseni yake namba kadhaa". Tofauti ya maneno hayo ndiyo tofauti ya wewe kuwa shahidi au mshtakiwa.

Ndani yake ziwemo: majina na namba za NIDA za wote watakaoingia (si kiongozi peke yake), namba za magari, namba za bunduki, tarehe ya kuanza na kuisha, saa, geti la kuingilia, sehemu ya shamba wanayoruhusiwa. Saa ziwe za mchana. Kuwinda usiku kwa kurunzi ni kosa, na kupiga ukiwa garini ni kosa pia. Sheria inataka uwe umeacha gari mita 200 nyuma. Andika kwamba mwindaji ndiye anayewajibika kwa madhara ya mtu, mifugo, mabomba na nyaya. Andika kwamba ridhaa haihamishwi kwa mtu mwingine na unaweza kuiondoa kwa simu, papo hapo. Mashahidi wawili, mmoja awe jirani wa upande watakaoelekea.

Kuhusu aina ya bunduki, hapa watu wanapuuza sana. Marisau madogo ya ndege (chembe zinazotawanyika zikipigwa) yanaua vizuri ndani ya mita 35 hadi 40, na yanaanguka yenyewe kati ya mita 200 na 300. Risasi ya .22, ile wengi wanaiita ya kuchezea, inaweza kusafiri kilomita moja na nusu. Raifoli kubwa inapita kilomita tatu bila shida. Chukua ramani ya shamba lako, chora duara la kilomita tatu, hesabu nyumba, shule, mifereji yenye watu wanaomwagilia. Tambarare ya Kahe au Mabogini haina kilima cha kuzuia risasi. Kwa hiyo kwenye shamba la chini ya ekari mia lililozungukwa na majirani, ridhaa iseme marisau peke yake. Raifoli iruhusiwe pale tu ambapo mpigaji yuko juu akipiga kuelekea chini, au kuna tuta la udongo nyuma ya mnyama. Kichaka si kizuizi, risasi inakipita.

Siku yenyewe, wapigie majirani wa pande zote jioni ya kuamkia. Wachungaji wawekwe upande mmoja unaojulikana. Mifugo yenye hereni isionekane kabisa eneo hilo.

Na mnyama aliyejeruhiwa akavuka mpaka? Hapo ndipo ridhaa nyingi nzuri zinaharibika. Leseni haimruhusu mwindaji kuruka uzio wa jirani. Asimame mpakani, bunduki itolewe risasi, apigiwe simu jirani, aingie bila silaha au na askari wa wanyamapori. Mnyama mkali kama nyati aliyejeruhiwa anaripotiwa mara moja, hasubiri asubuhi. Andika hili kwenye ridhaa, kwa sababu mwindaji mwenye damu ya moto hataki kusikia somo saa hiyo.

---

Wakili wa Kijiweni

Naongeza kwenye ridhaa: nani mwenye mamlaka ya kuitoa.

Shamba la kukodi, anayelikalia kwa mkataba ndiye wa kuulizwa, isipokuwa mkataba umesema vingine. Wenye mashamba makubwa wanaokodisha kwa msimu waandike kipengele kimoja: ruhusa ya kuingia kwa uwindaji haitolewi bila saini za pande zote mbili. Mstari huo mmoja unazuia kesi ambayo mwenye shamba anakataa, mpangaji amekubali, na mwindaji yuko katikati na karatasi halali.

Kihamba cha familia (shamba la ukoo la Wachaga) ni kichekesho kingine. Ndugu wanne, mmoja Dar, anampigia rafiki: "Nenda tu, ni kwetu." Anayeishi pale hana habari. Kwa mali ya familia isiyogawanywa, chukua saini ya anayekalia pamoja na ya msimamizi wa mirathi kama yupo. Ruhusa ya simu kutoka mbali haimwondolei mtu lawama ya kuingia.

Na kwa walioko juu mlimani, Marangu, Machame, Kibosho: msitu wote wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Mtu anayetega perere (pimbi wa mitini) akivuka mpaka huo kwenda juu anaingia hifadhi ya taifa, na humo hakuna leseni ya kuwinda inayofanya kazi. Mwenye kihamba cha mpakani asikubali kihamba chake kiwe njia.

---

Kiangazi

Tusisahau nyama. Hapa ndipo wenye mashamba wazuri kabisa wanapata kesi.

Mwindaji amemaliza, anasema "mzee, chukua huu mguu, shukrani." Bila karatasi, mguu huo ni nyara ya Serikali. Kifungu cha 86 cha sheria ile ya 2009 kinahusu kupatikana na nyara bila kibali, kifungu cha 100 kinaweka mzigo wa kuthibitisha uhalali juu ya aliyekutwa nayo, na kosa lenyewe limo kwenye jedwali la uhujumu uchumi, Sura 200. Hawakuulizi nani aliua. Wanauliza karatasi iko wapi. Friji ya jikoni, ngozi ukutani, pembe juu ya mlango wa baa, vyote ni hivyo hivyo.

Ukitaka nyamapori ya kula, tangu 2020 kuna kanuni za uuzaji wa nyamapori na mabucha yenye leseni. Nunua huko, chukua risiti, itunze mpaka nyama iishe.

Na mzoga uliokutwa shambani bila jeraha, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au kwenye haja, usikatwe wala kuburutwa. Hiyo inaweza kuwa kimeta, ukanda wetu unaijua. Mbwa wafungwe, eneo lizungushiwe miiba, aitwe afisa mifugo wa kata.

---

Mtoto wa Siha

Tumalize na aliyekataa kutoka. Amesomewa, ameambiwa atoke, anakaa. Polisi wanasema "hilo ni la ardhi, nendeni baraza." Baraza linasema "hilo ni la jinai." Mtu anazungushwa wiki tatu.

---

Wakili wa Kijiweni

Anazungushwa kwa sababu anakwenda na malalamiko yote ndani ya sentensi moja. Yatenganishe.

Kuingia: kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu (Sura 16). Kosa si kukanyaga ardhi peke yake. Ni kuingia au kubaki kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Kwa hiyo maelezo yako polisi yaeleze nia: aliambiwa atoke saa ngapi, mbele ya nani, akajibu nini, akafanya nini na bunduki. "Aliingia shambani kwangu" peke yake ndiko kunakorudishwa barazani. Chukua namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako kituoni), usiondoke bila hiyo.

Kuwinda bila leseni au nje ya eneo: DGO au ofisi ya mamlaka ya wanyamapori, si baraza. Silaha kutumiwa vibaya: polisi, na barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kwa sababu leseni ya silaha inaweza kupitiwa upya hata kama kesi nyingine imekwama.

Mtu kaumia: PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kwanza kabla ya hospitali, isipokuwa hali ni mbaya, basi hospitali na PF3 ifuate.

Ng'ombe kapigwa risasi: afisa mifugo wa kata aandike tathmini ya thamani na chanzo cha kifo kabla mnyama hajazikwa. Picha zionyeshe hereni au chapa. Hilo ni dai la madai, au kuharibu mali kwa makusudi kama ushahidi upo.

Ugomvi wa mpaka au wa nani mwenye ardhi: hapo tu ndipo baraza. Baraza la kata tangu mabadiliko ya 2021 halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, unakwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda bila cheti. Watu bado wanakaa mwaka mzima kata wakisubiri "hukumu" ambayo haitakuja.

---

Mzee wa Doria

Na ushahidi wa chini usiokotwe. Ganda la risasi likishikwa na watu sita halisemi tena kitu. Weka kalamu pembeni yake kama kipimo, piga picha ya karibu na ya mbali, funika kwa ndoo, subiri polisi. Alama za matairi vivyo hivyo.

Mitego ya waya nayo ni hatari kwa mwenye shamba. Waya wa breki ya pikipiki au wa uzio ukikutwa umefungwa kwenye uzio wako, mshukiwa wa kwanza ni wewe na vibarua wako. Tembea uzio mzima kila wiki, ukiukuta mtego piga picha palepale na saa ionekane, mpigie DGO, muutegue mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na kuandika idadi. Usiwe na rundo la waya stoo "nitapeleka siku moja".

---

Shamba la Bondeni

Mzee wa Doria, kabla hatujafunga: tembo wanaotoka upande wa Momella wakiingia Ngarenanyuki usiku, au fisi yuko zizini. Hakuna leseni, hakuna mwindaji. Mwenye bunduki halali apige?

---

Mzee wa Doria

Kujitetea au kutetea mali dhidi ya hatari ya papo hapo kunakubalika kisheria, kwa masharti: hatari iwe ipo wakati huo, usiwe umemchokoza mnyama, na uripoti haraka iwezekanavyo. Nyama, ngozi, pembe, vyote vinabaki vya Serikali. Usikate hata mkia. Tembo aliyekwisha kuvuka mto na mahindi mdomoni si hatari ya papo hapo tena, ukimpiga umewinda.

Kwa mazao, mpigie mtendaji na DGO usiku huo huo, wapo askari wa kufukuza. Asubuhi afisa kilimo wa kata apime ekari zilizoliwa, fomu ijazwe siku hiyo kabla hujapanda upya au kulisha ng'ombe mabua. Kifuta jasho cha Serikali hupimwa kwa ekari na umbali wako kutoka mpaka wa hifadhi, na si fidia ya hasara yote, mkulima alijue hilo mapema. Msimu ujao funga kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, ulowe upya kila mvua ikinyesha, au mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya kila mita kumi. Mizinga isiyo na nyuki haifukuzi tembo, kwa hiyo anza kuitega miezi kabla ya mahindi kukomaa.

Ile fomu, toa nakala tatu. Ya tatu mpe mwenyekiti wa kitongoji asaini kwamba ameiona, maana fomu ikipotea njiani kutoka kijijini kwenda wilayani, yeye ndiye shahidi kwamba ilikuwepo.